Zako Tia Maji

Simu iliita saa sita na nusu mchana. Niliona jina la mpwa wangu kwenye kioo, nikapiga hesabu haraka: huko Texas aliko ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Simu ya saa kama hiyo mtu huipokea roho mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kuna nini? Mama yako mzima?"

"Mzima. Mimi niko bafuni, kambini. Nataka kukuuliza kitu. Wewe vile vipele vyako vya ndevu uliviponya vipi?"

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kusikia msiba. Yeye hakucheka.

Alikwenda Marekani akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, dada yangu alipopata viza ya bahati nasibu. Sasa ana miaka 24 na ni askari wa jeshi la nchi kavu la huko. Kwa miaka miwili alikuwa na karatasi ya daktari iliyomruhusu kubakiza ndevu fupi za kukatwa kwa mashine. Agosti 2025 Waziri wa Ulinzi, Pete Hegseth, alitoa waraka: askari atakayehitaji ruhusa ya kutonyoa kwa zaidi ya mwaka mmoja afikiriwe kuondolewa jeshini. Ndevu za mpwa wangu zikawa na tarehe ya mwisho.

"Mimi sikuviponya," nilimwambia. "Niliacha kunyoa, vikaondoka vyenyewe."

"Basi hiyo dawa, Mjomba, ndiyo waliyoipiga marufuku."

Tuliongea dakika kumi, kisha akaitwa kazini. Nilimweleza habari za maji ya moto na wembe mkali. Baada ya kukata simu niliona kwamba nimempa maelekezo ya kinyozi, wakati yeye alikuwa ameniuliza jambo kubwa zaidi. Nikaanza kutafuta: nani aliamua kwamba uso safi ni uso usio na ndevu, na kwa nini gharama yake hulipwa na ngozi kama zetu?

*

Swali hilo lilikuwa langu kabla halijawa lake. Mwaka 1999 nilikuwa mlinzi wa geti Mikocheni, Dar es Salaam. Kampuni sitaitaja, nyingi zilikuwa hivyo hivyo. Kila asubuhi kabla ya kupangiwa lindo tulisimama mstari, na afande wa zamu akapita na kipande cha pamba. Aliipitisha kidevuni na shingoni. Pamba ikinasa, umeandikwa. Ukiandikwa mara tatu kwa mwezi, unakatwa mshahara wa siku mbili.

Nilikuwa na kipande cha kioo kwenye msumari, sabuni ya mche, na maji baridi ya ndoo. Nilinyoa kutoka kooni kwenda kidevuni, kinyume na ndevu zinavyolala, huku nimeivuta ngozi kwa vidole ikakaza kama ya ngoma. Pamba haikunasa. Nilijiona fundi. Jioni shingo iliwaka kama imepakwa pilipili. Wiki ya tatu vipele vilikuwa vimejaa kuanzia chini ya taya hadi kwenye koromeo, vigumu, vyeusi, vingine vyenye vichwa vya usaha. Kila nilipopitisha wembe nilivikata vichwa, na damu ikadondokea kwenye kola ya shati jeupe. Nikaandikwa kwa kola chafu.

Ilikuwa miaka ambayo UKIMWI ulikuwa umeingia kila mtaa. Tuliambiwa redioni na kwenye mabango tusichangie nyembe, na ilikuwa haki tuambiwe. Lakini watu pia walijifunza kusoma ngozi za wenzao. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mtu wa huruma, mwenye kunibakizia chakula nikirudi usiku. Siku moja nikakuta chai yangu imewekwa kwenye kikombe cha bati cha bluu. Kesho yake hivyo hivyo. Kikishaoshwa, kilitundikwa kwenye msumari wa peke yake, mbali na vingine. Hakusema neno nami sikuuliza. Kwa miezi mitano nilinywa chai katika kikombe cha bluu.

Nilipopata likizo nilikwenda Tanga kwa mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa kinyozi Ngamiani. Aliniketisha kwenye kiti chake, akaniinua kidevu kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akaangalia kwa muda mrefu.

"Unajinyoa kama unaparua samaki," alisema.

Alichovya taulo kwenye maji ya moto, akaikamua, akanifunika nayo uso. Ilipopoa akaichovya tena. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," alisema. "Watu wanadhani ile ni methali tu. Yale ni maelekezo ya kazi." Kisha akaninyoa kwa wembe mpya, mkono mwepesi, kufuata ndevu zinavyolala, bila kuivuta ngozi, na kila sehemu mara moja tu. Aliviruka vipele vyote. Alipomaliza nilibaki na kivuli cha ndevu, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi shingo haikuwaka.

"Lakini hata hivi si za kunyolewa kila siku," alisema. "Zipumzishe."

Niliporudi Dar daktari wa zahanati aliniandikia cheti: asinyoe kwa wiki sita. Afande alikisoma, akakikunja mara nne, akanirudishia mkononi. "Kampuni haikuajiri ndevu," alisema. Nilishikilia cheti changu, nao wakashikilia kazi yao. Wiki ya sita vipele vilikuwa vimekwisha. Asubuhi moja nikakuta chai yangu kwenye kikombe cha maua, kama wapangaji wengine. Nilikuwa nimepona na sina kazi.

Yamebaki makovu matano chini ya taya la kulia, madogo kama punje za mtama. Nikiwaza, mkono huenda hapo wenyewe.

*

Mjomba wangu hakusoma udaktari, lakini kila alichokifanya siku ile kina maelezo. Sisi Waswahili tuna maneno mawili ya nywele ambayo yanatosha kueleza ugonjwa huu: singa na kipilipili. Unywele wa singa hutoka kwenye kitundu kilichonyooka, ukaenda zake. Wa kipilipili hutoka kwenye kitundu kilichopinda chini ya ngozi, nao huendelea kujipinda ukiwa nje. Ukiuacha urefuke, unajikunja juu ya ngozi bila kumdhuru mtu. Ukiukata karibu kabisa na ngozi, na hasa ukiukata kwa mshazari, unabaki na ncha kali kama mkuki. Unaota, unajipinda, unarudi kuichoma ngozi hatua chache kutoka ulipotokea. Na kama uliivuta ngozi wakati wa kunyoa, udevu uliokatwa huzama ndani ngozi ikirudi mahali pake, ukatoboa ukuta wa kitundu chake bila hata kutoka nje.

Mwili haujui kwamba udevu ule ni wake. Unaushambulia kama unavyoushambulia mwiba. Kipele ndiyo vita yenyewe. Ndiyo maana jina la Kilatini ambalo madaktari wameupa ugonjwa huu maana yake ni uvimbe wa uongo wa vitundu vya ndevu: unafanana na ule unaoletwa na bakteria, lakini haukuanza na bakteria. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba badiliko dogo la kurithi katika aina moja ya keratini, yaani protini ya nywele, huongeza uwezekano wa mtu kupata vipele hivi. Makadirio yanayotajwa sana kwa wanaume Weusi wa Marekani ni kati ya asilimia 45 na 83 wanaonyoa. Uchafu haumo katika maelezo haya. Mimi nilikuwa nikinawa mara nne kwa siku.

Na dawa imo humo humo. Ndevu zikiachwa kwa mwezi mmoja au zaidi, zikafikia kama sentimita moja, zile zilizojichoma ndani hufyatuka zenyewe kama chemchemi na kutoka. Vipele hunywea. Ni dawa isiyouzwa, na hakuna anayebishana nayo. Historia yote niliyoisoma baada ya simu ile ni historia ya watu waliokuwa wakitafuta namna ya kutoitumia.

*

Kama walinzi wenzangu, niliamini kwamba uso ulionyolewa ni sheria ya zamani sawa na jeshi lenyewe. Sivyo. Ulysses Grant, jenerali aliyeshinda vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani mwaka 1865, alikuwa na ndevu zake kamili. Waingereza walikuwa na kichekesho kikubwa zaidi: hadi Oktoba 1916, kanuni za jeshi lao zilimkataza askari kunyoa mdomo wa juu. Asiye na masharubu ndiye aliyekuwa na kosa.

Mambo mawili yalikutana kuubadilisha uso wa askari. La kwanza ni gesi. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini ikapeperushwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Tangu hapo maisha ya askari yalitegemea barakoa inayoshika ngozi barabara, na barakoa haikai sawasawa juu ya ndevu nyingi.

La pili ni wembe wenyewe. King Camp Gillette wa Boston alitengeneza kishikio cha kutia wembe mwembamba, wa kutumiwa na kutupwa. Mwaka 1903, mwaka wake wa kwanza sokoni, aliuza vishikio 51 na nyembe 168. Hataza yake ilitoka tarehe 15 Novemba 1904. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza kwake vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya askari waliokuwa wakipelekwa vitani. Vijana waliokuwa wakienda kwa kinyozi mara moja moja walirudi makwao na vishikio vyao na desturi mpya: kunyoa kila asubuhi, wewe mwenyewe, mbele ya kioo chako. Kilichoanza kwa ajili ya barakoa kikawa ndiyo sura ya mtu nadhifu, hata pale ambapo hakuna gesi. Mikocheni hapakuwa na gesi.

Kabla ya hapo, wembe ulikuwa mkononi mwa nani? Katika miji mingi ya Marekani ulikuwa mkononi mwa vinyozi Weusi. Aliyenishangaza zaidi ni Alonzo Herndon, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1858, akajifunza kunyoa, akafikia kumiliki saluni ya kifahari mjini Atlanta na kuwa mmoja wa Weusi matajiri kabisa wa nchi ile. Wateja wa saluni ile walikuwa Wazungu. Mtu Mweusi hakuweza kuingia na kukaa kwenye kiti ambacho Mweusi mwenzake alikuwa akisimama nyuma yake. Kinyozi hajinyoi, tunasema, na hatudhani kama methali ile inaweza kuwa sheria ya mji.

Katika jimbo hilo hilo la Georgia, mjini Savannah, mwanzoni mwa karne ya 20, ndiko ilikotoka poda iitwayo Magic, iliyokusudiwa wanaume Weusi wasioweza wembe. Unaikoroga na maji ikawa uji, unajipaka, unasubiri dakika chache, unaikwangua kwa kitu butu. Kemikali zake hulegeza keratini hadi unywele unakatika bila makali, na ncha inayobaki ni laini, haina mkuki. Ukizidisha dakika, inakula ngozi. Ina harufu ya mayai viza. Mpwa wangu anasema Jumapili usiku mabafu ya kambi yao hunuka hivyo, na kila mmoja anajua ni kina nani wako ndani wanajitayarisha kwa ukaguzi wa Jumatatu.

*

Tarehe 26 Julai 1948 Rais Harry Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi katika majeshi ya Marekani. Askari Weusi na Weupe wakaanza kupangwa katika vikosi vimoja, kwenye mistari mimoja ya ukaguzi, chini ya kanuni moja ya uso. Kanuni moja kwa wote husikika kama haki. Lakini kanuni ile ilikuwa imepimwa kwenye kidevu cha singa.

Mwaka 1956 madaktari wawili wa ngozi, John Strauss na Albert Kligman, walichapisha maelezo makini ya jinsi udevu unavyojipinda na kuingia tena. Mwaka 1973 Kligman na mwenzake mwingine waliandika juu ya kuutibu kwa dawa ya kupaka ya tretinoini, ambayo hadi leo daktari anaweza kumwandikia mwenye vipele hivi. Nilifurahi kuona kwamba kuna mtu aliitazama shingo kama yangu na kuielewa. Kisha nikasoma habari nyingine za Kligman. Kuanzia 1951 hadi 1974 aliendesha majaribio ya dawa na kemikali juu ya ngozi za wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, na wengi wa wafungwa hao walikuwa Weusi. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022. Sina namna ya kuyaweka mambo hayo mawili mbali. Mtu yule yule aliisoma ngozi yetu vizuri, na aliona ngozi za watu wasio na uhuru kuwa shamba la kulima.

Jeshini nako waliokuwa wakiona waliona. Novemba 1970 mkuu wa Jeshi la Wanamaji, Admeri Elmo Zumwalt, alitoa waraka wa kufuta kanuni za kudhalilisha na kukwaruza mabaharia, na ndevu zikaruhusiwa. Mwaka 1974 madaktari wawili walichapisha makala juu ya vipele hivi jeshini, na kwenye kichwa cha habari wakaviita tatizo la kitabibu, kiutawala na kijamii. Nimeyarudia maneno yale matatu mara nyingi. Kipele changu kilikuwa na daktari, afande, na kikombe cha bluu. Walikuwa wameshaandika yote miaka 25 kabla yangu.

Ruhusa ya Zumwalt haikudumu. Kuanzia tarehe 1 Januari 1985 mabaharia walitakiwa kunyoa tena. Waliobaki na ndevu ni wale wenye karatasi ya daktari, na ndevu zilizokuwa za kila mtu zikawa alama ya mgonjwa.

*

Nje ya kambi, raia walikwenda mahakamani. Mwaka 1993 mahakama mbili za rufaa za Marekani zilitoa hukumu mbili, na nikizisoma pamoja naona mahali hasa mstari unapopita.

Ya kwanza ilihusu dereva Mweusi wa kupeleka piza wa tawi la Domino's mjini Omaha, aliyefukuzwa kwa sababu hakuweza kunyoa. Kampuni ilileta matokeo ya utafiti wa maoni: hadi asilimia 20 ya wateja wasingependezwa na mpeleka piza mwenye ndevu. Mahakama haikukubali. Chuki ya mteja kwa ndevu, ilisema kwa maana, haitoshi kuhalalisha kanuni inayowafungia mlango watu Weusi kuliko wengine.

Ya pili ilihusu askari wa zimamoto wa Atlanta, mji ule ule wa Herndon. Askari Weusi wenye vipele walikuwa wameruhusiwa kwa miaka kadhaa kubakiza ndevu za kivuli, kisha jiji likabadili kanuni. Walishindwa. Mahakama ilisema kifaa cha kupumulia ndani ya moshi lazima kishike ngozi, na uhai wa askari ni sababu ya kutosha.

Nilitaka kuwakasirikia majaji wa Atlanta, nikashindwa. Nimewahi kuona nyumba ikiungua. Barakoa ina haki yake. Swali ni nani anaitumia hoja ya barakoa, na wapi. Afande wangu hakuwa na barakoa mkononi, alikuwa na pamba. Yule wa Omaha alikuwa amebeba piza.

*

Wakati huo biashara haikulala. Mwaka 1971 Gillette ilitoa wembe wa makali mawili: la kwanza huushika udevu na kuuvuta, la pili huukata kabla haujarudi. Ni sifa kubwa kwa mwenye singa. Kwa mwenye kipilipili maana yake ni udevu uliokatwa chini ya usawa wa ngozi, mahali ambapo vipele huanzia. Baadaye yakaja makali matatu, manne, matano. Ilichukua hadi miaka ya 2010 kwa kijana Mweusi, Tristan Walker, kuanzisha kampuni iliyorudi kwenye wembe wa makali mamoja na kuwauzia watu wenye ndevu kama zake. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na Procter & Gamble, wenye Gillette.

Kuna dawa nyingine iliyonifanya niweke kitabu chini. Inaitwa eflonithini. Wenzetu wa Kongo na kaskazini mwa Uganda waliijua kama dawa ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ilikuwa ikiwaamsha watu waliokaribia kufa. Katikati ya miaka ya 1990 iliacha kutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa sababu wagonjwa wa malale hawana fedha. Mwaka 2000 iliidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza kasi ya nywele za usoni za wanawake. Ndipo Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipopiga kelele, na mwaka 2001 uzalishaji wa dawa ya malale ukakubaliwa upya. Baadaye madaktari wengine walitumia krimu ile pamoja na leza kwa askari wenye vipele vya ndevu. Dawa moja, na uso wa tajiri ndio uliosaidia kuirudisha kwa masikini.

*

Mwaka 2020 Jeshi la Anga la Marekani liliongeza muda wa ruhusa za kutonyoa hadi miaka mitano, ili mtu asirudi kwa daktari kila mwaka kuomba uso wake. Mwaka uliofuata ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba wanaanga wenye ruhusa hizo walichelewa zaidi kupandishwa vyeo, na wengi wao walikuwa Weusi. Hakuna aliyeandika popote kwamba wacheleweshwe. Ilitosha kwamba uso wao ulionekana kama wa mtu anayeomba msamaha. Kisha ikaja 2025, na ule waraka wa Agosti, na ruhusa yenyewe ikawa mwanzo wa njia ya kutokea.

Mpwa wangu amenipigia tena mara nyingi, saa ile ile. Amefanya yote. Maji ya moto, taulo, wembe mmoja, kufuata ndevu zinavyolala. Ananyanyua kwa sindano safi zilizojikunja, wala hazing'oi. Shingo imepungua, haijapona, kwa sababu kila asubuhi lazima aikate tena.

Wiki iliyopita alinieleza kwamba wamempa chaguo la leza. Kuna mwanga unaofaa ngozi nyeusi, wenye mawimbi marefu, unaopita juu ya rangi ya ngozi bila kuichoma sana na kufika kwenye mzizi. Vikao kadhaa, kwa miezi. Ndevu zitapungua, nyingine zisiote tena maisha yake yote. Vipele vitakwisha, atabaki jeshini, atamaliza shule wanayomlipia.

"Baba alikuwa na ndevu," alisema.

Nilimkumbuka shemeji, marehemu, na ndevu zake zilizofika kifuani, ambazo mtoto huyu alikuwa akizivuta akiwa amebebwa.

"Nakumbuka."

"Ungekuwa wewe, Mjomba?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye yale makovu matano. Nilitafuta jibu la mtu mzima, la kumtuliza, sikulipata, nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba mwaka 1999, kama angetokea mtu Mikocheni na mashine ile, ningekaa kwenye kiti chake siku hiyo hiyo, kabla pamba haijapita. Na kwamba namshukuru Mungu hakutokea.

Alinyamaza. Nilisikia pumzi yake, na mbali, mlango wa mwenzake ukifunguliwa. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja kwao.

"Haya, Mjomba," alisema. Halafu nikasikia bomba likifunguliwa, na maji.